Mzio wa Mama Gahongayire

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Programu yetu imewashwa leo kwenye kiliniki ya Gatsata. Najivunia kitu ambacho hakuna anayekiona: kwenye klasi ya Mgonjwa, sehemu ya msimbo inayoshika habari zake, mzio nimeufanya private. Msimbo mwingine hauugusi. Anayetaka kuuandika apitie metodi yangu, mlango wake pekee, nayo inakataa nafasi tupu. Maana skrini ikikuta tupu inasema "hakuna mzio". Hatari!

Jumatano, 10 Septemba
Mugenzi, mkuu wetu wa waprogramu, anahamisha rekodi za zamani za kiliniki. Analalamika metodi yangu imemkatalia rekodi mia tatu ambazo nafasi ya mzio ni tupu. Nikamwambia wagonjwa hao waulizwe kwanza. Akacheka. Eti private ni adabu tu, si kufuli.

Alhamisi, 11 Septemba
Muuguzi Béatha wa kiliniki kapiga simu saa tatu asubuhi, analia.
"Dada, kompyuta inasema mama hana mzio. Nimemchoma penisilini. Iko navimba!"
Mama Gahongayire. Amekimbizwa hospitali, koo limeziba.
Nikazima programu, nikamwambia Béatha warudi kwenye kadi za karatasi. Kisha nikafungua msimbo. setAccessible(true)! Mstari mmoja — Java, lugha tuliyoandikia programu, imeambiwa ipuuze private, na nafasi tupu zikaingia zote. Jana, saa kumi. Jina: Mugenzi.
Nilikwenda mezani kwake. Hakuinua hata kichwa. "Ihangane, sister. Deadline."
Nivumilie! Koo lililoziba ni langu?

Ijumaa, 12 Septemba
Gahongayire anapumua mwenyewe. Asante Mungu. Hasira yangu haijapungua hata kidogo.
Bosi, Gatera, kaniita. Barua ilikuwa tayari: kosa limetoka kwenye klasi iliyoandikwa na Wanjira, yaani mimi. Nikamwonyesha ule mstari. Akasema Java haijui, anajua jina lililo juu ya faili — langu. Halafu, kwa upole kabisa, akanikumbusha kibali changu cha kazi kinaisha Oktoba. Shenzi!
Anataka sahihi yangu kabla ya saa nane. Béatha ameniandikia kwamba watoto wa Gahongayire wanakuja hapa ofisini kwetu Muhima, wanataka kujua nani alifuta mzio wa mama yao.
Saa nane kasoro kumi. Barua haina sahihi. Ule mstari nimeuchapisha kwenye karatasi, na saa, na jina. Mugenzi yuko mbele yangu, anakula sambusa. Viatu vingi vinasikika kwenye ngazi: ni wale watoto. Gatera ametoka ofisini, ananinyooshea kalamu. Nimesimama, karatasi ya ule mstari mkononi, naelekea ngazini.