Udongo wa Baba Yake Adela

Jumamosi, Rusumo

Bahati yangu haina mfano. Wenzangu hapa walitoa ng'ombe ndipo wakapewa wake. Mimi Adela alikuja mwenyewe na begi lake, mwaka wa nane huu, watoto wawili, na sijatoa hata mbuzi! Nikiwasimulia madereva wa malori wanacheka mpaka wanakohoa.

Leo tumemzika baba yake kule Nyakisasa. Kaburi nilichimba mimi na vijana wa pale, tangu alfajiri.

Ulipofika wakati wa kutia udongo, mjomba wake Adela akaita, "Wakwe wapite mbele." Nikainuka pamoja na waume wa dada zake, nikachota udongo.

"Wewe kaa nyuma, kijana. Hujawahi kujitambulisha hapa."

"Shikamoo mjomba. Wajukuu wawili si utambulisho huo?" nikatania.

"Marahaba. Wajukuu ni wetu. Wewe ni mgeni."

Hakuna aliyecheka. Nikamtazama Adela, labda atasema neno. Akainamisha kichwa. Nikaumwaga ule udongo pembeni.

Na marehemu alinipenda. Kila nikienda alinikatia mkungu wa ndizi, akisema, "Njoo na wazee wako, mwanangu, hata na kibuyu kimoja cha pombe." Nami nikajibu mwakani, mwakani.

Adela na watoto wamebakizwa kule mpaka watu wangu wafike kujitambulisha na kutoa mahari. Mdogo alilia akinishika suruali. Kinachonitia hofu ni kwamba Adela mwenyewe hakulia.

Ile bahati niliyojisifia ni uongo. Sina mke.