Mwisho wa Picha, Ulivyonisimulia Wewe

Shoga yangu Mwanaisha,

Nikikuuliza hali watasema nimerukwa na akili, basi sikuulizi. Nakupa zangu: mgongo ni ule ule, na usingizi umenihama tangu ulipozikwa. Ikifika alasiri, saa zetu zile, nasikia kandambili zako kichochoroni. Nafungua dirisha, hamna mtu. Naogopa, wallahi, na kesho yake nangoja tena.

Mwanao Rukia amerudi kutoka Maskati. Hakukuwahi, alifika hitima imekwisha kusomwa. Yuko nyumbani kwako, analala chini kwa sababu kitanda chako hataki kukigusa. Jana nikamwambia tukanunue godoro. Akanipeleka duka moja aliloambiwa lina bei nzuri, bila ya kujua ananipeleka wapi.

Ni sinema yetu, Mwanaisha. Ile nyingine imekuwa kanisa, na ya tatu wameibomoa wakaweka magari. Hii yetu inauza vitanda na makabati. Viti vimeng'olewa, pazia halipo, lakini sakafu ingali inateremka kuelekea mbele, hata makabati wameyatilia vipande vya mbao yasianguke. Nilipoanza kushuka, miguu ilijua yenyewe inakwenda wapi. Halafu nikasikia kilio cha siku zile. Ukumbi mzima wa wanawake, mabuibui yameshushwa mabegani, kachiri za muhogo mapajani, watoto wananyonya, na kilio kile chetu cha kuambukizana. Nilisimama palepale mpaka muuzaji akaniletea kiti.

Unajua mwenyewe alasiri ile ya sinema ya wanawake ilivyokuwa kwetu. Hakuna mwanamume ndani, hakuna wa kukukataza kulia wala kucheka. Ila mimi baba alinitaka niwe nyumbani kabla ya adhana ya magharibi, kwa hivyo mwisho wa picha sikuuona hata siku moja. Nilikuwa nikitoka mambo yakiwa yamechacha: mama yuko kitandani, mtoto yuko mbali, mvua inamwagika. Asubuhi unakuja jikoni kwetu, unaikalia mbuzi ya nazi, unanimalizia. "Alipona, shoga. Mtoto akarudi, wakakumbatiana, wakaimba." Kihindi hukukijua, lakini mwisho wa kila picha uliujua, na mama yule hakufa hata mara moja. Nami nikakuamini miaka yote hiyo, mjinga mimi.

Baada ya kukuzika, mjukuu wangu alinitafutia kwenye simu picha moja ya zamani, ile ya mama mshonaji. Nilitaka kukaa nawe kidogo, basi. Mama anakufa, Mwanaisha. Anakufa macho yake yakiwa mlangoni. Nikatafutiwa nyingine, na humo mama anakufa vilevile. Nilikukasirikia, nawe ni maiti, astaghfirullah. Wenzangu wote mle sinema walilia pamoja wakatoka macho mekundu na roho nyepesi, na mimi peke yangu nimenyimwa. Nimelia juzi tu, chumbani, na simu ya mjukuu mkononi. Sikuwa na wa kulia naye.

Sasa Rukia. Aliketi ukingoni mwa kitanda kimoja mle dukani, karibu na palipokuwa na viti vyetu, akaniuliza: "Nambia kweli, mama mdogo. Mamangu alikwendaje? Weye ulikuwapo." Papo hapo nikakusikia sikioni, sauti yako yenyewe: mwambie alilala tu, shoga, mwambie hakuumwa. Mdomo ulishafunguka. Nikaufunga, nikamwambia kesho, hapa hapafai. Kesho yenyewe ndiyo leo, na yuko njiani.

Naomba usininong'oneze leo. Najua unamhurumia, nami namhurumia. Lakini nikimpa mwisho wa kwako ataniamini kama nilivyokuamini, na ipo siku ataupata ule wa kweli kwa mtu mwingine, akiwa peke yake ugenini.

Nitamwambia uliumwa sana. Nitamwambia macho yalikuwa hayaoni tena na hukuacha kumwita. "Rukia. Rukia." Mimi ndiye niliyekuwa nimekushika mkono, na sikuweza kukuacha uite hivyo bila jibu. Nikaitika, "Labeka, mama." Ukaniuliza, "Ushafika?" Nikasema, "Nishafika." Ndipo uliponyamaza.

Hilo sijamwambia mtu yeyote. Huenda akanichukia, kwamba nilijifanya yeye mbele ya mamake anayekata roho. Huenda akashukuru. Sijui.

Kwaheri, mwenzangu. Nakuahidi nitamwambia mpaka mwisho, na nikishamwambia sitatoka nikamwacha. Tutalia sote wawili, hata magharibi ikitukuta.