Jagi Lililojaa Maji

Zaituni, mjukuu wangu na mke mwenzangu,

Marahaba. Huku Kwihara mahindi yamestawi, ila babu yako hainuki tena. Unaniuliza kama tumpeleke kwenye ile nyumba ya wagonjwa wasiopona pale mjini, maana umesikia inasifiwa.

Sifa! Enzi za Ujamaa, nikiwa msichana, mama yangu mkubwa alilazwa kwenye nyumba kama hiyo. Siku moja nikakuta wageni wa chama wanakagua. Kuta zinang'aa chokaa, na kila kitanda kina jagi limefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Hongereni, wagonjwa wana maji tele," akasema mkubwa wao. Wakapiga makofi.

Nikamtazama mama mkubwa. Midomo imekauka hadi imepasuka, na mkono hauwezi kuinua hata kijiko. Jagi lilijaa kwa sababu hakuna aliyemnywesha! Nikafunua, maji yametandwa na vumbi. Nikamwonyesha yule mkubwa.

"Binti, usituharibie shughuli," akanijibu.

Mpaka leo damu inanichemka. Kwa hiyo usiniletee sifa za watu. Nenda mwenyewe bila taarifa, ukaitazame midomo ya wagonjwa, ndipo uniambie kama nimpeleke mume wetu.

Bibi yako,
Nyamizi