Kichwa cha Mfiwa

Kisauni, Jumatatu, 1944

Wamemnyoa! Wamemnyoa binti yangu Dama kipara, bila hata kuniuliza mimi mamake.

Eti ni kanuni mpya ya shule: msichana haruhusiwi kufuga nywele, nywele zinaleta majivuno. Majivuno gani kwa mtoto wa miaka minane?

Kwetu mtoto hanyolewi hivyo ila amefiwa. Mavyaa, mamake mume wangu aliye vitani, alipomwona Dama anaingia uani, aliangusha ungo wa mchele, akaketi chini akipiga ukemi. "Mwanangu ameuawa vitani! Shuleni wamepata habari, sisi tumefichwa!"

Majirani wakaja mbio, wakalia naye. Dama anawavuta leso, "Bibi, ni mwalimu tu! Hakuna aliyekufa!" Nani wa kumsikiliza?

Nami nililia. Mimi niliyesoma misheni, nililia pamoja nao kabla sijauliza neno. Hilo ndilo linalonichoma.

Kesho nitamwendea huyo mwalimu mkuu, na atanisikia. Najua atanijibu kwamba nywele zitaota. Zitaota, ndiyo. Lakini mume wangu tumeshamlilia, na tangu Pasaka hajaleta barua.