Simu Aliyoikata Shangazi

Kwa Kaka Mutua,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote: aliyesajili kile kifaa chako cha dharura, kinachoita setilaiti ukipata ajali baharini, ni mimi. Ulisema usajili ni wa wenye meli, si wa mtu anayevua samaki kwa kayaki, ukaitupa fomu. Niliiokota, nikasoma kijitabu chote, nikakuandikisha bila ruhusa yako. Penye mtu wa kupigiwa nikaweka namba ya Shangazi, kwa sababu simu ya Mama hushinda bila chaji.

Hujambo lakini? Mbavu zimepoa? Huku Machakos mimi na Shangazi hatujambo.

Nasikia unawaambia watu wa Kilifi kwamba siku ya ajali setilaiti ilikutambua yenyewe. Kaka, sivyo.

Jumamosi ile nilikuwa nikimsaidia Shangazi kuuza nyanya sokoni. Simu ikalia, akasikiliza kidogo, akafoka: "Wakora nyinyi! Juzi mlisema mtoto wangu ameanguka shuleni, leo ni Mutua anazama? Tafuteni kazi!" Akakata.

"Wamesema nini?"

"Ati kamashine ka Mutua kanaita huko juu. Wachana nao."

Mkora angejuaje habari za kile kifaa? Unajua mimi hata kuuliza bei dukani naona haya, lakini nilimnyang'anya simu. Nikakupigia, hukupatikana. Nikaipigia ile namba.

Mwanamume wa kituo cha uokoaji akauliza, "Una hakika yuko majini? Jana kingine kiliwashwa na watoto wakicheza."

"Yuko!" Muuza vitunguu aligeuka. "Hutoka kila Jumamosi, peke yake. Kayaki ni ya manjano. Kifaa hukifunga kwenye jaketi la kuokolea, watoto hawawezi kukichezea!"

"Sawa, dada. Boti inatoka."

Sijui nilisimama muda gani. Simu ilipolia tena, Shangazi hakuthubutu kuigusa; nikaipokea mimi. Alikuwa yule mwanamume wa kituo.

"Tumempata, ameshikilia kayaki iliyopinduka. Anatetemeka, lakini anaongea sana."

"Basi ndiye," nikasema.

Kaka, nilipiga kelele, soko likasimama! Shangazi alipiga vigelegele, akimwambia kila apitaye, "Huyu! Ametoa mtu baharini akiwa hapa Machakos!"

Nisamehe kwa kutumia jina lako. Sijutii hata kidogo.

Nisalimie Mama, wifi yangu mvumilivu, na mtoto wenu ambaye sasa bila shaka anatambaa.

Siku ile sokoni, vigelegele vilipokwisha, mama mmoja alikuwa bado anangoja nyanya zake. Nilimpimia kopo moja, nikamwongezea nyanya mbili za bure, nikaketi.

Mdogo wako,
Mwende