Kemshafti ya Mashindano

Kibondo, wodini, Jumatano

Dada Irakoze,

Shikamoo. Mihogo imekauka vizuri, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Landrova ya marehemu baba niliifufua. Kemshafti, kile chuma kinachofungua valvu za injini, ilikuwa imelika. Fundi Ridhiwani wa huko Kasulu aliniwekea mbili mezani. "Hii ya kawaida ina nguvu mlimani," aliniambia. "Hii ya mashindano inataka mwendo kasi. Kwa barabara zenu chukua ya kawaida."

Nilichukua ya mashindano, dada. Nilitaka Mabamba nzima isikie mngurumo wake.

Jumapili mama alianguka ghafla, mdomo ukapinda. Nilimpakia, nikatoka mbio. Kila tulipofika mlimani injini iliishiwa nguvu ikazima. Safari ya saa mbili ilichukua saa tano. Daktari aliuliza, "Mbona mmechelewa hivi?"

Mama yu hai, lakini hasemi, na upande wa kulia umepooza. Ndugu wote wananishukuru kwa kumfikisha. Siwezi tena kuvumilia kushukuriwa. Njoo, dada. Njoo unigombeze wewe.

Mdogo wako,
Manirambona