Daftari Langu la Kompyuta

Mwananyamala, 11 Machi 1985

Mdogo wangu Jovina,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Mguu wa mama umepona? Sie wazima, sukari tu ndiyo hatuioni dukani.

Lile daftari nililoandika kwa Kiswahili, wanaoanza kompyuta ofisini wapate majibu mashine ikigoma, Leodegar, kijana aliyeajiriwa juzi juzi hapa ofisini, kalipeleka kwa meneja kwa jina lake. Nilimfundisha hata kuiwasha. Sasa ndiye mkufunzi, mie nimerudishwa kupiga taipu. "Dada, darasa la nane halitoshi," kaniambia, anacheka.

Wanafunzi wake wakikwama hunifuata mie kwa siri. Ijumaa iliyopita mmoja wao, Mauwa, aliniuliza, nikamjibu uongo makusudi, akafuta kazi ya wiki nzima. Aliyesimamishwa ni Mauwa, siyo Leodegar.

Jana sikuthubutu kupokea Komunyo. Niandikie upesi, hata mistari miwili.

Dada yako,
Felicitas